Sarafu msibani: namna ya kugeuza hali ndani ya onyesho moja

Vijana wa kikundi chetu cha maigizo hapa Moshi wakiniletea miswada yao, kuna jambo ninakutana nalo karibu kila mara. Onyesho la huzuni limejaa huzuni tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mama analia. Dada anaingia, anamkuta mama analia, naye analia. Mjomba anafika kutoka Dar, anauliza kulikoni, anaambiwa, anaangua kilio. Ukifika ukurasa wa tatu watazamaji wameshatoa simu mfukoni. Si kwamba hawana huruma. Wamekaa wakisubiri kitu kigeuke, na hakigeuki.

Mimi naamini onyesho linapata uhai pale hali mbili zinapogombania chumba kimoja. Si huzuni kwanza, halafu taa zizimwe, halafu vichekesho. Hapana. Ile hali ya pili iingie wakati ya kwanza bado imekaa kwenye kiti, wala haijaaga.

Ninapofundisha jambo hili huwa natumia tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuitoa mwaka 1969, Mabepari wa Venisi. Nenda moja kwa moja kwenye onyesho la kwanza la sehemu ya tatu. Jessica, binti wa Shylock, mzee wa Kiyahudi anayekopesha fedha, ametoroka na mpenzi wake, tena amebeba mali ya baba yake. Mapema kwenye onyesho kuna mzaha: vijana wawili wa mjini wanamkejeli yule mzee kwa uchungu wake. Yeye anawageukia na kuwauliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, kama akichomwa hatoki damu. Ghafla wale waliokuwa wakicheka hawana la kujibu. Mpaka hapo tumeshapita hali mbili, na bado hatujafika kwenye lile ninalolipenda zaidi.

Anaingia Tubal, rafiki yake, ametoka Genoa kumtafuta binti. Hakumpata. Shylock anaanza kuhesabu hasara: almasi aliyoinunua Frankfurt kwa dukati 2,000, sarafu za dhahabu za enzi hizo, imekwenda. Anafika mahali pa kutamani binti yake angekuwa amekufa miguuni pake, vito vikiwa masikioni. Ni maneno mazito, unasikia baridi mgongoni. Tubal, kwa nia ya kumpoza tu, anasema watu wengine nao wana mikosi, kwa mfano Antonio, mfanyabiashara anayedaiwa na Shylock na ambaye Shylock anamchukia, kama alivyosikia huko Genoa... Hamalizi. Shylock anamdaka: nini, nini, mkosi gani? Meli ya Antonio imezama. Mzee aliyekuwa anaomboleza sasa anamshukuru Mungu, anacheka.

Tazama kinachofuata. Tubal anamwambia kwamba binti yake alitumia dukati 80 Genoa kwa usiku mmoja. Ni kisu. Kisha anamwambia kwamba wanaomdai Antonio wanasema hana budi kufilisika. Ni furaha. Kisha anamwambia kwamba mmoja wa wadai hao alimwonyesha yeye Tubal pete aliyopewa na Jessica, naye Jessica akachukua nyani. Shylock anaitambua: ni pete ya feruzi aliyopewa na Leah, anayechukuliwa kuwa ndiye aliyekuja kuwa mkewe, enzi za ujana wake, kabla hajaoa. Asingeitoa hata kwa pori zima la nyani. Na hapo hapo Tubal anamrudisha tena kwa Antonio.

Huwa nawaambia vijana wahesabu maneno ya Tubal. Ni machache mno. Hasemi anavyojisikia, hatoi hotuba, hamlaumu mtu. Analeta habari tu, moja ya binti, moja ya Antonio, moja ya binti, moja ya Antonio, na zote zimetoka mji ule ule wa Genoa. Shakespeare hakuhitaji kuleta mtu mmoja wa habari mbaya na mwingine wa habari njema. Mjumbe mmoja ametosha, na mzee anayumba mbele ya macho yetu kama mti wa mgomba kwenye upepo. Sisi tuliokaa tunacheka kwenye mistari ya nyani, halafu tunasikia jina la Leah, na kicheko kinakwama kooni. Leah hatumwoni popote katika tamthilia nzima. Anatajwa mara moja, kwa ajili ya pete.

Yuko pia bawabu mlevi wa Macbeth, ambaye Watanzania tumeweza kumsoma kwa Kiswahili tangu S. S. Mushi alipoitafsiri tamthilia hiyo mwaka 1968. Mfalme ameshauawa, mikono ya muuaji bado ina damu, na mlango unaanza kugongwa. Bawabu anajikokota huku akijifanya ndiye mlinzi wa lango la jehanamu, anachelewa kufungua, anachekesha. Lakini kugonga hakukomi. Anatupa kicheko, hofu iko pale pale, maana sisi tunajua kuna maiti ndani na wanaogonga hawajui.

Haya yote tunayo nyumbani, ndiyo maana nashangaa vijana wetu wanapoona ni mambo ya vitabuni. Nani asiyejua msiba wa uchagani? Mbele ya nyumba kwaya inaimba, nyuma akina mama wanamenya ndizi na wanacheka mpaka wanashikana mabega. Na mtani je? Nilikuwa kwenye msiba mmoja Kibosho, mzee wa Kipare, mtani wa Wachaga, akapenya katikati ya waombolezaji, akasogea kwenye jeneza, akaangusha sarafu sakafuni. Akatega sikio. Kisha akautangazia umma kwamba ni kweli, Mchaga huyu amekufa, maana angekuwa hai angeshainuka kuitafuta. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Mjane alicheka. Kisha akalia zaidi kuliko alivyokuwa amelia siku nzima, na nadhani kile kicheko ndicho kilichomfungulia mlango.

Basi kijana mmoja mwenye mswada wa kilio kitupu alikuwa ameandika juu ya ndugu wawili na kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yao, usiku wa kuamkia mazishi. Nikamwambia, mlete mtani. Akamleta. Sarafu ikaanguka, wote wakacheka, vizuri kabisa. Lakini mtani akatoka na kila kitu kikarudi kama mwanzo, kilio juu ya kilio. Kicheko kilipita tu kama mgeni, hakikuacha alama.

Tukakaa tukaiangalia ile sarafu. Imeanguka, sasa iko wapi? Nani ataiokota? Kijana akafikiri, akaandika: kaka mkubwa anainama, anaiokota, anaiweka mfukoni mwake. Wengine bado wanacheka. Mdogo wake anamtazama na kumuuliza, "Hata hiyo, kaka?"

Maneno matatu! Hakuna aliyetaja kihamba, hakuna aliyetaja hati wala ukoo, na kila mtu ukumbini atajua ugomvi umeanza. Sarafu ile ile iliyoleta kicheko ndiyo imeleta uadui. Nilimpigia makofi peke yangu pale kwenye benchi.

Kwenye mazoezi, anayecheza mdogo mtu alitaka kuushusha sauti mstari huo, atulie kwanza, akunje uso, ili watu waelewe kwamba sasa ni jambo zito. Nikamkataza. Aseme kwa sauti ya kawaida, tena mapema, wakati kicheko cha wengine hakijaisha. Akisubiri kiishe, anakuwa ametutangazia mabadiliko badala ya kutuacha tukutane nayo wenyewe. Na maelekezo ya jukwaani tukayapunguza. "Kwa uchungu", "kwa hasira iliyofichika", yote tukayafuta, tukabakiza nani yuko wapi na nani ameshika nini.

Bado tunabishana juu ya mama. Yupo chumbani muda wote huo, ameona sarafu ilivyoingia mfukoni, na kijana anataka afunge onyesho kwa kilio. Mimi nataka aulize kama wachimba kaburi wameshapelekewa chakula. Shylock naye, baada ya yale yote, anamtuma Tubal akamlipe ofisa mapema kwa ajili ya kumkamata Antonio na kumwambia watakutana kwenye sinagogi, shughuli tupu, na ndiyo inayotisha. Kijana anasema mama wa Kichaga hawezi kuyanyamazia mambo kama hayo. Huenda ana haki, mama yake anamjua kuliko mimi. Jumamosi tutafanya mazoezi kwa namna zote mbili, na akina mama wa jikoni wa usharika nimewaomba waje kukaa mbele, kwa sababu hao ndio waliokaa misibani kutushinda sote.