Bibi Hakusafiri

Mama mkwe wangu alipofariki mwaka jana, sisi watu wazima tulikubaliana, bila hata kukaa kikao, kwamba mtoto wetu wa miaka mitano aambiwe bibi amesafiri. Tulikwenda Muheza kuzika, tukamwacha kwa jirani Dar es Salaam, na tuliporudi tukamletea machungwa kana kwamba tulikwenda kutembea tu.

Wiki tatu baadaye baba yake alipangiwa kazi Dodoma. Asubuhi ya safari viatu vyake havikuonekana, na baada ya kupekua nyumba nzima nilivikuta nyuma ya mtungi wa gesi, vimefungwa ndani ya kanga aliyoiacha bibi. Mtoto alishika suruali ya baba yake akasema, "Usisafiri." Siku hizo alikuwa pia ameanza tena kukojoa kitandani, nasi tukawa tunamgombeza tukidhani ni uvivu, jambo ambalo mpaka leo linaniuma.

Kwa mtoto wa umri huo, kufa huonekana kama jambo ambalo mtu anaweza kurudi kutoka kwake. Kwa kawaida ni kati ya miaka mitano na saba ndipo watoto huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi tena. Ukimwambia "amesafiri", anasubiri, na kila safari ya mzazi inakuwa tishio. Ukimwambia "amelala", anaweza kuogopa usingizi. Tulisema tunamlinda, lakini naamini tulikuwa tunajilinda sisi wenyewe dhidi ya maswali yake.

Jioni ile, tukichambua mchele pamoja, nilimwambia kwamba bibi hakusafiri, bibi amekufa. Neno hilo lilinitoka kwa shida, kwa kuwa kwetu binadamu hufariki, lakini "kufariki" lilikuwa neno asilolijua. Nikamweleza kwamba mwili wa bibi uliacha kufanya kazi, kwamba hapumui wala hasikii maumivu, kwamba tumemzika na hatarudi. Alinyamaza, akawa anatenga punje za mpunga moja moja pembeni mwa ungo, kisha akauliza, "Ni kwa sababu nilikataa kumwamkia kwenye simu?"

Alikuwa amelibeba hilo peke yake kwa wiki tatu. Nilimwambia hapana, nikarudia hapana, nikampakata akalia, nami nikalia bila kujificha. Baada ya dakika chache alishuka akaenda kucheza mpira. Wifi yangu alidhani amesahau, lakini huzuni ya mtoto huja na kuondoka hivyo hivyo, na siku kadhaa baadaye, nikiwa namwogesha, aliuliza tena yale yale, nami nikamjibu yale yale.

Kwenye hitima ya arobaini tulikwenda naye Muheza, akaliona kaburi. Baba yake alipopangiwa tena Dodoma, mtoto alimletea viatu mwenyewe, akasimama mlangoni akauliza, "Unasafiri kweli, au kama bibi?" Baba yake akaweka begi chini, akamwonyesha kwenye kalenda Ijumaa ya kurudi, na mtoto akaizungushia duara kwa kalamu nyekundu.