Eka tano zisizo na maji

Nimerudi Fort Worth, Texas, jana saa nne usiku, na mpaka sasa kucha zangu zina vumbi jeupe lisilotoka hata kwa brashi. Zamu ni kesho. Nimechemsha chai, nimekaa, naandika kabla kazi haijanifutia haya kichwani.

Baba amejua. Miaka miwili nimemficha, nikijua atauliza nini, na kweli aliuliza yaleyale ambayo mtu yeyote wa kwetu Kongwa, mkoa wa Dodoma, angeuliza.

"Eka ngapi?"

"Tano, baba."

"Maji?"

"Hakuna."

"Barabara inafika?"

"Inafika, ila inakatiza kwenye viwanja vya watu."

"Hati unayo?"

"Anayo muuzaji. Nitapewa nikimaliza kulipa."

Kimya. Nikasikia jogoo wa kwake akiwika. "Sasa mwanangu, umenunua nini?"

Sikuwa na jibu. Mtandao kule unapatikana juu ya kilima kimoja tu, tena usimame umeelekea kusini, nami nilipanda Ijumaa jioni kumsalimu kama ilivyo kawaida yetu. Upepo ndio ulionichongea. "Upepo gani huo? Uko wapi?" Kwake ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na mimi kumdanganya mzee saa hiyo siwezi.

Nilikuwa Terlingua, kaunti ya Brewster, karibu na mpaka wa Meksiko. Hiyo ndiyo kaunti kubwa kuliko zote za Texas, kilomita za mraba zipatazo 16,000. Wilaya yetu ya Kongwa ingeingia humo mara tatu na nafasi ikabaki, ila watu wake hawafiki 10,000. Zamani palichimbwa zebaki. Kampuni ya Chisos ilianza mwaka 1903, ikafilisika 1942, wachimbaji wakatawanyika, zikabaki kuta za udongo na makaburi yenye misalaba ya miti. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ranchi kubwa ya jirani ikakatwa viwanja na kuuziwa watu wa mbali, wengi wakilipia mahali wasipopata kupaona. Viwanja hivyo vinazunguka mikononi hadi leo. Kimoja kilinifikia kwenye simu saa tisa usiku, nikiwa zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nimekaa kwenye kiti nje ya chumba cha bibi aliyegoma kulala.

Amana dola 300, kisha dola 125 kila mwezi kwa miaka mitatu. Hakuna aliyeniuliza mshahara wala madeni yangu, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Jumla dola 4,800, kwa kiwanja ambacho mwenye fedha mkononi angekipata kwa 3,500. Wakopesha khanga wa sokoni Dodoma wana huruma kuliko huyu bwana. Kibaya zaidi, sikwenda kukagua ramani kwenye ofisi ya kaunti kule Alpine. Niliona picha ya machweo nikatuma pesa.

Ndiyo maana safari mbili za kwanza nililala kwenye kiwanja cha mtu. Nilipiga hema, nikapanga mawe ya jiko, nikapiga picha nikaandika "kwangu". Safari ya pili asubuhi akaja mzee mmoja wa Kizungu anayeishi kwenye basi bovu la shule, kikombe cha kahawa mkononi, akaniambia taratibu kwamba kwangu ni kule ng'ambo ya korongo. Aliniona tangu safari ya kwanza. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema nilionekana nimechoka. Tukaenda wote kutafuta alama, tukaipata: kipande cha nondo kimechomoza kiganja kimoja juu ya ardhi, kimefungwa utepe wa pinki uliopauka mpaka kuwa mweupe. Nilikishika kile chuma kwa muda, kilikuwa kimeshapata moto.

Sasa habari ya maji. Kisima ni maelfu ya dola na mchimbaji hakuahidi kitu. Wenyeji wanakinga mvua, au wananunua maji na kuyabeba. Mvua ya kule ni milimita 250 mpaka 300 kwa mwaka, karibu nusu ya ile ya Dodoma tunayoililia. Nimepiga hesabu nyuma ya karatasi ya zamu: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo kibanda chenye paa la mita za mraba 30, mwaka ukiwa wa kawaida, kitanipa lita 7,500, pungufu ya zitakazovuja na kukauka. Texas hawana shida na hilo, tena vifaa vya kukingia mvua wameviondolea kodi ya mauzo. Kule Colorado, nilikowahi kuchungulia viwanja vya bei hiihii, mwenye nyumba anaruhusiwa mapipa mawili basi. Mimi paa bado sina. Nina madumu kumi ya lita ishirini nyuma ya pikapu, na ninajua kila moja limebaki kiasi gani kwa kulipiga teke.

Sahani naiosha kwa kikombe kimoja. Kwanza naifuta kwa majivu, halafu nusu kikombe, halafu nusu nyingine, na yale ya mwisho nanawia miguu. Hakuna aliyenifundisha hayo Texas. Mama alikuwa akituwekea beseni chini ya mikono tukinawa, na maji yale yakienda kwenye mpapai uliokuwa nyuma ya choo, mpapai pekee mtaani uliokuwa ukizaa kiangazi. Mikono yangu ilikuwa imelala miaka kumi na minne kwenye masinki ya Marekani, na siku ya kwanza tu jangwani ikakumbuka yenyewe.

Hapo ndipo aibu inaponijia. Mama aliamka saa kumi usiku kuwahi foleni ya kisima kwa sababu hakuwa na namna. Mimi naendesha gari kwa zaidi ya saa tisa, nachoma mafuta, nalipa dola 125 kwa mwezi, ili nipate mahali pa kubeba madumu. Kazini nikiwaambia Wazungu, wanasema ni ujasiri. Dada yangu akijua atasema nimerogwa. Nadhani dada yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa yeye hajawahi kukaa usiku kumi mfululizo kwenye korido ambayo taa zake hazizimwi, kengele zinalia, na mtu anakuita kwa jina la mwanaye aliyekufa. Nilitaka giza. Nilitafuta mahali penye giza na nikapata kule, na bahati nzuri giza lenyewe linalindwa: tangu 2022 eneo lote lile, upande huu na upande wa Meksiko, ni hifadhi ya kimataifa ya anga la usiku.

(Ila wikiendi ya kwanza ya Novemba usithubutu. Tangu 1967 wanashindana kupika mchuzi wa nyama na pilipili, na jangwa linajaa magari na muziki. Mimi nilisubiri wapite.)

Ijumaa ile, baada ya simu, nilibaki kilimani. Baridi iliingia haraka, kama mtu amefungua mlango. Upande wa mashariki Kilimia kilikuwa kimeshapanda, nyota zake zimesongamana kama vifaranga. Kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, walisema wazee, na kwetu kikionekana hivyo jioni ya Novemba watu wananoa majembe. Huku mvua imeshapita, huja kati ya Julai na Septemba, inateremka kwenye makorongo kwa ghadhabu na kuondoka. Kilimia kilekile, na hakina kazi.

Jumamosi nilipopanda tena kuangalia ujumbe, nikakuta sauti ya baba, dakika sita. Ameanza mbali, kwa babu, aliyekuwa kijana wakati Waingereza walipokuja Kongwa na mpango wa karanga mwaka 1947. Walileta matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita, wakaleta reli, wakaleta hospitali. Hawakuuliza mvua. Kiangazi udongo ukakauka kama saruji, vyuma vikakatika, na kufika 1951 wakafunga virago. Babu alikuwa akikata miti kwa mshahara, na alijua tangu siku ya kwanza, lakini nani angemuuliza mkata miti. Nilidhani hadithi inaelekea kwenye kunisuta. Badala yake baba akakohoa, akasema: "Umesema lipo korongo. Tafuta linapopinda. Upande wa nje wa pindo, chini ya ukingo, mchanga ukiwa mwembamba. Chimba kwa mkono, usitumie jembe. Halafu niambie."

Nikaenda. Korongo langu linakata pembe ya kiwanja na lina pindo moja tu la maana, chini ya ukingo wa udongo wa chokaa mgumu kama zege. Nikapiga magoti. Mchanga wa juu ulikuwa wa moto, mkavu, unarudi shimoni kila nikiutoa. Kiganja. Kifundo. Nusu ya mkono, rangi ikabadilika kidogo, kutoka nyeupe kwenda kahawia. Nilipofika kwenye kiwiko nilikuwa nimelala kifudifudi, shavu kwenye mchanga, na vidole vikagusa kitu nilichodhani ni maji. Nikautoa mkono. Haukulowa.

Jioni nikampigia kutoka kilimani.

"Mkavu, baba. Ila wa baridi."

"Mkono umefika wapi?"

"Kwenye kiwiko."

Akaguna. "Bado hujachimba."