Siku Moja Maishani Mwangu: Nikisubiri Kuitwa Kazini

Saa 10:30 alfajiri. Ninachemsha viazi vya mama, ninamwaga maji yake, kisha ninavichemsha upya kwa maji mengine ili kupunguza potasiamu ambayo figo zake haziwezi tena kuiondoa mwilini. Ndizi amekatazwa kabisa, na kumkataza Mhaya ndizi ni adhabu ambayo daktari hakuiandika kwenye cheti.

Saa 12:00 asubuhi. Tunapanda bajaji kuelekea Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa Dodoma.

Saa 1:00. Mama anapimwa uzito, kwa kuwa kilo zilizoongezeka tangu Jumatatu ndizo zinazomwonyesha muuguzi kiasi cha maji ya kuondoa. Anachomwa sindano mbili kwenye mkono wa kushoto, ule ambao haupimwi presha kwa sababu mishipa yake iliunganishwa kwa upasuaji. Mashine itasafisha damu yake kwa muda wa saa nne, kama ifanyavyo mara tatu kila wiki.

Saa 2:30. Nimekaa kwenye benchi la nje nikiandika andalio la somo. Usaili wa ualimu nimefaulu, na sasa ninasubiri tangazo la kuitwa kazini, ambalo ninalitafuta kwenye simu mara nyingi kuliko inavyostahili. Matibabu haya yanalipwa kwa michango ya ndugu na fedha za shamba lililouzwa Muleba, ilhali nikiajiriwa serikalini nitakatwa mchango wa bima ya afya na kumwandikisha mama kuwa mtegemezi wangu. Hata hivyo, ajira hiyohiyo inaweza kunipeleka wilaya ambayo haina mashine hata moja ya kusafisha damu, na bima haimfuati mgonjwa hadi mahali ambapo huduma haipo.

Saa 6:00 mchana. Mama anatoka akiwa na kizunguzungu. Tukifika nyumbani analala.

Saa 9:00 alasiri. Ninafundisha tuisheni ya Baiolojia kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu. Tumefikia figo. Mmoja ananiuliza iwapo mtu anaweza kuishi na figo moja, nami ninamjibu kwamba anaweza, ninachora mchoro ubaoni na kueleza jinsi figo iliyobaki inavyobeba kazi ya zote mbili. Ya nyumbani sikuyataja; somo lilikuwa lao.

Saa 2:00 usiku. Mama ameamka na anakunywa maji yake kwa kikombe kidogo tulichokipima.

"Wakikupangia Kibondo, utakwenda?"

"Nitakwenda, mama."

"Vizuri. Nilidhani utanifanya mimi kisingizio."

Ninampigia simu mdogo wangu, fundi wa simu Morogoro, ambaye amekubali kuhamishia kazi yake Dodoma nikiondoka. Tunakubaliana aje Ijumaa, aingie nasi hospitalini, awafahamu wauguzi, na ajifunze kupika viazi hivyo yeye mwenyewe.