Gitaa la Kijapani Lililonizidi Umri

Gitaa ninalolipiga siku hizi lilitengenezwa Nagoya mwaka 1976, miaka kumi na minne kabla sijazaliwa, na nimelinunua katika mji huohuo, umbali wa vituo vinne vya treni kutoka chumba nilichopanga. Kabla yake nilikuwa nimenunua jingine, lenye jina kubwa zaidi na bei kubwa zaidi, nikala hasara. Naandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko Japani, na wale walioko nyumbani wanaoagiza vitu kutoka huku. Magitaa ya zamani ya klasiki ya Kijapani yanasifiwa sana, na sifa hizo ni za haki, lakini wanaoyasifu huanza na lebo na kumaliza na lebo, ilhali kilichoniumiza mimi hakikuandikwa kwenye lebo yoyote.

Nianze na gitaa lenyewe. Gitaa la klasiki ni hili la nyuzi sita, tatu za nailoni tupu na tatu zilizozungushiwa waya, lenye shingo pana ya takriban milimita 52 pale juu karibu na kichwa, linalopigwa kwa vidole na kucha. Urefu wa nyuzi zake kwa kawaida ni milimita 650, ingawa mafundi kadhaa wa Kijapani wa miaka ya 1960 na 1970 walifuata mtindo wa Madrid wa milimita 660 na ushei, jambo ambalo mwenye vidole vifupi kama vyangu hana budi kulipima kabla ya kutoa fedha.

Kwamba Nagoya imejaa magitaa ya namna hii si jambo la bahati. Bonde la Kiso, kule milimani, limekuwa likitoa mbao kwa karne nyingi, na zamani magogo yake yalishushwa kwa mto hadi mjini. Masakichi Suzuki alianza kutengeneza fidla hapa tangu karne ya 19, na kampuni yake, kabla na baada ya mwanawe Shinichi kupata umaarufu duniani kwa njia yake ya kufundisha watoto fidla, iliwazoesha mafundi wa eneo hili kukunja mbao nyembamba na kuziunga kwa gundi. Shiro Arai akaanzisha hapahapa biashara iliyozaa magitaa yenye jina la Aria. Hoshino, waliokuwa na duka la vitabu lililogeuka kuwa duka la vyombo vya muziki, waliagiza magitaa ya Salvador Ibáñez kutoka Hispania mwaka 1929, kisha baadaye wakaliweka jina hilo kwenye magitaa yaliyotengenezwa Japani. Ndiyo maana kijana wa leo anayelingurumisha gitaa la umeme la Ibanez anabeba jina la fundi wa Valencia, pengine bila kujua. Ukivuka kuingia mkoa wa Gifu unamkuta Kazuo Yairi aliyekuwa na karakana yake Kani, na kampuni ya magitaa ya Takamine iliyoanza Sakashita mwaka 1959. Yamaha wako Hamamatsu, njiani kuelekea Tokyo.

Wanunuzi nao walikuwepo. Andrés Segovia, mpigaji gitaa mashuhuri wa Hispania, alikuja kupiga Japani mwaka huohuo wa 1929, na baada ya vita, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, gitaa la klasiki likawa chombo cha wanafunzi na wafanyakazi wa ofisini. Vyuo vikuu vilikuwa na vikundi vyake vya gitaa. Wengi walinunua, wakapiga miaka michache, wakaoa, wakapandishwa vyeo, na gitaa likaingia katika kabati la ukutani ambalo huku huitwa oshiire. Sasa watu hao wamezeeka, nyumba zinaondolewa vitu, na makabati yanafunguliwa. Hicho ndicho chanzo cha gitaa la miaka hamsini ambalo halina hata mkwaruzo. Ndicho pia chanzo cha gitaa la miaka hamsini ambalo limesimama gizani muda wote huo nyuzi zikiwa zimekazwa.

Jina linaloheshimika kuliko yote katika enzi hiyo ni la Masaru Kohno wa Tokyo, aliyekwenda Hispania kujifunza na ambaye mwaka 1967 alishinda zawadi ya kwanza ya utengenezaji wa magitaa huko Liège, Ubelgiji. Gitaa la Kohno sikuliwaza, kwa sababu bei yake inafanana na bei ya gari dogo la mtumba. Nilichokuwa nikitafuta ni kazi za karakana za ngazi ya kati, ambako fundi mkuu alisimamia kundi dogo la mafundi na kutia jina lake kwenye lebo.

Lebo hizo zina lugha yake, na kuijua kunasaidia. Mara nyingi namba ya aina ya gitaa ilikuwa ndiyo bei yake: namba 30 iliuzwa yeni 30,000, na katika magitaa ya Kohno namba 10 ilikuwa yeni 100,000. Usizilinganishe namba za miaka tofauti, maana bei zilipanda kwa kasi katika miaka ya 1970, na 30 ya mwaka 1968 inaweza kuwa gitaa bora kuliko 30 ya mwaka 1978. Mahali pengine mwaka umeandikwa kwa hesabu ya enzi ya Showa. Ongeza 1925 utapata mwaka wa Miladi, kwa hiyo Showa 51 ni 1976. Tena S. Yairi si K. Yairi. Sadao na Kazuo walikuwa na karakana tofauti, na wauzaji wengine hupenda herufi hiyo ya kwanza isionekane vizuri kwenye picha.

Haya yote niliyajua nilipolinunua lile la kwanza, na hayakunifaa kitu. Nililiona mtandaoni kwa mtu binafsi, picha kumi na mbili, lebo safi, uso unang'aa kama sinia ya harusi. Nikalipa yeni 68,000. Maelezo yalisema ni kitu cha zamani na kwamba hakuna malalamiko wala kurudisha, maneno ambayo wauzaji wa huku huyaandika kwa mazoea hata wanapouza kikombe, nami nikayapuuza. Lilipofika nikalikaza nyuzi, nikapiga kodi ya kwanza, yaani nyuzi kadhaa kwa pamoja, pale juu, sauti ikatoka tamu. Niliposogea katikati ya shingo vidole vikaanza kuuma, kwa kuwa nyuzi zilikuwa mbali na ubao kana kwamba zimetundikwa kuanikia nguo.

Nyuzi sita za nailoni zilizokazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 40. Magitaa mengi ya klasiki ya wakati ule hayana fimbo ya chuma ndani ya shingo, ile ambayo katika magitaa ya nyuzi za chuma unaizungusha kwa ufunguo na shingo ikanyooka. Ni mbao peke yake inayoshindana na kilo 40, usiku na mchana, kwa nusu karne. Ikishindwa, shingo hukunjika kuelekea mbele, kidogo tu, na uso wa gitaa huvimba nyuma ya daraja, yaani kile kipande cha mbao ambako nyuzi zimefungwa. Kimo cha nyuzi hupimwa juu ya freti ya 12, yaani kile chuma cha kumi na mbili kinachokata ubao wa shingo, ambapo ni katikati kabisa ya uzi. Kipimo cha kawaida ni milimita 3 chini ya uzi mwembamba na 4 chini ya uzi mnene. Langu lilikuwa na milimita 5 na nusu.

Mtu atasema, si ushushe tu ule mfupa wa kwenye daraja ambao nyuzi zinaukalia? Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Kwa kuwa freti ya 12 iko katikati, kila milimita unayoiondoa kwenye mfupa inashusha nyuzi kwa nusu milimita tu pale juu ya freti. Nilihitaji kushusha milimita 1 na nusu, kwa hiyo nilipaswa kukata mfupa milimita 3. Mfupa wenyewe ulikuwa umebaki milimita 1 juu ya daraja. Mwenye gitaa aliyenitangulia, au aliyemtangulia yeye, alikuwa ameshaukata hadi mwisho. Nikalipeleka kwa fundi, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, akalichungulia kwa jicho moja kutoka kichwani kama seremala anayekagua ubao, akaniambia kwamba kuvua freti zote, kuchonga ubao wa shingo na kuzirudisha kutagharimu zaidi ya thamani ya gitaa. Shingo haichomoki, kwa kuwa katika ujenzi wa Kihispania mbavu za gitaa zimechomekwa ndani ya kisigino cha shingo. Hakunitoza chochote, ila alinionyesha rula yake ya chuma na kuniambia niinunue ya namna ile.

Rula hiyo ya yeni 700 ndiyo iliyonipatia gitaa la pili. Kwa miezi mitatu nilizunguka maduka ya vitu vilivyotumika, yakiwemo yenye pipa lililoandikwa janku, yaani vitu vibovu, ambako magitaa mabovu hurundikwa pamoja na viatu vya kuteleza kwenye theluji. Siku moja nilikwenda Tokyo, mtaa wa Ochanomizu wenye maduka ya magitaa yaliyobanana, nikaona vitu vizuri sana na bei ambazo sikuziweza. Nilikuwa na utaratibu mmoja. Kwanza naomba ruhusa, kisha nalichungulia gitaa kutoka kichwani kando ya shingo, napima kimo juu ya freti ya 12, napima mfupa umebaki kiasi gani, na ikiwa hayo mawili hayaridhishi nalirudisha bila hata kusoma lebo. Nilirudisha magitaa kumi na saba. Mawili kati yake yalikuwa na majina ya kumfanya mtu akope.

La kumi na nane lilikuwa la Ryoji Matsuoka, namba 30. Lilikuwa na milimita 4 chini ya uzi mnene, na mfupa wa karibu milimita 3 juu ya daraja. Lilikuwa pia na ufa wa urefu wa kidole upande wa chini wa uso, mkwaruzo nyuma, na vigingi vya kukazia nyuzi vilivyolalamika kama bawaba za lango. Bei ilikuwa yeni 32,000. Ufa ulimfanya muuzaji aone haya, akapunguza elfu tatu bila kuombwa. Kumbe ufa wa uso ni jambo dogo kuliko shingo, kwani fundi huutia gundi na kuubandikia vipande vidogo vya mbao kwa ndani, na gitaa likaendelea na maisha yake. Yule mzee alinitoza yeni 9,000 pamoja na kulainisha vigingi.

Kitu kingine nilichokiangalia, baada ya shingo, ni kama mbao ni nzima au ni plaiwudi. Huku mbao nzima huitwa tanpan na plaiwudi huitwa gohan, na muuzaji mwaminifu ataandika ipi ni ipi. Kwa uso, angalia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mti ikishuka kutoka juu hadi chini bila kukatika, ni mbao nzima, ukiona tabaka zilizobebana, ni plaiwudi. Uso wa langu ni mzima, wa sprusi, mti wa nchi za baridi. Mgongo na mbavu ni plaiwudi, nami sijali, maana sauti kwa sehemu kubwa inatoka usoni. Wapo watakaobisha.

Kwa wanaotaka kupeleka gitaa nyumbani, lipo la sheria. Magitaa ya gharama ya enzi ile yalitengenezwa mgongo kwa mti wa Brazili ambao wauzaji wa Kijapani huuita hakaranda, jina lake la kitaalamu likiwa Dalbergia nigra. Tangu 1992 mti huo umo katika orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na gitaa lake halivuki mpaka bila vibali, hata likiwa kuukuu. Miti mingine ya jamii ya Dalbergia iliwekewa masharti mwaka 2017, ila vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa katika masharti hayo mwaka 2019. Ndugu yao mmoja tunamfahamu vizuri: mpingo wetu ni Dalbergia melanoxylon. Katika duka moja la Ochanomizu niliona klarineti nyeusi tii katika kabati la kioo, nikajikuta nimesimama pale kama mtu aliyekutana na jirani wa Kilwa ugenini.

Nilipomweleza mama kwa simu, aliniuliza, "Mwanangu, yaani umekwenda Japani kununua mtumba?" Nikamjibu kwamba hata gari analopanda kwenda sokoni ni mtumba wa Japani. Akasema gari lina injini.

Tunza unyevu wa hewa. Gitaa hupenda asilimia 45 hadi 55. Msimu wa mvua wa huku, tsuyu, hupandisha unyevu hadi mbao zikavimba na kuvu likaota ndani ya mfuko, na kipupwe hukausha hewa hadi uso ukapasuka. Bila shaka ndiko ule ufa wangu ulikotoka. Nimeweka kipimo kidogo cha unyevu karibu na gitaa, na siku nisipolipiga nalegeza nyuzi nusu hatua. Tanga, nitakaporudi, taabu itakuwa ni joto na unyevu wa bahari, na gari lililofungwa vioo juani, ambalo hulainisha gundi na kuliachanisha daraja.

Lile gitaa la kwanza nililiuza mwezi uliopita. Niliandika kwenye tangazo kwamba kimo ni milimita 5 na nusu, mfupa umebaki milimita 1, na shingo imekunjika, nikaweka picha ya rula ikiwa juu ya freti ya 12. Mtu wa Osaka alilichukua kwa yeni 6,000. Aliniandikia kwamba atapiga slaidi, yaani kutelezesha kipande cha chuma au kioo juu ya nyuzi bila kuzibana kwenye ubao, kwa hiyo kimo hicho kinamfaa sana.