Siku moja maishani mwangu: mchoraji wa vitabu vya watoto

Saa 1 asubuhi. Mwanga wa dirishani ni mzuri wakati huu, kwa hiyo rangi za maji ni kazi ya asubuhi, kompyuta itasubiri. Kwanza namkagua msichana niliyemchora jana. Ukutani nimebandika karatasi yake ya mhusika: akiwa mbele, ubavuni, mgongoni, akicheka, akinuna, akikimbia. Kila ukurasa lazima afanane na huyo. Mtoto wa miaka minne hajui kusoma, lakini vifungo vya gauni vikipungua kutoka vinne hadi vitatu atakuuliza kimoja kimekwenda wapi.

Saa 3. Brashi inakauka, nahamia kwenye mswada mpya. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, ingawa wageni wakiniona nimekaa na penseli tu hudhani napumzika.

Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32. Karatasi kubwa ya mtambo wa uchapaji hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16 kwa mkupuo, na 32 hupatikana bila kubakisha kitu. Ondoa ukurasa wa jina na wa haki za uchapishaji, hadithi inabakiwa na nafasi ya picha 12 hadi 14 za kurasa mbilimbili. Nazichora zote kwa udogo kwenye karatasi moja, ili nione mwendo wake: wapi pana kelele, wapi patulie, na siri gani ikae ukurasa wa kulia ili mkono wa mtoto uwashwe kugeuza.

Msichana wa mswada huu anamtafuta paka wake, na maneno yanasema: “Alimtafuta chini ya kitanda. Alimtafuta nyuma ya mlango. Hakumwona.” Nikichora kitanda na mlango tu, nimerudia maneno, na mzazi anayesoma kwa sauti hanihitaji. Basi namweka paka nyuma ya msichana kila ukurasa, akimfuata hatua kwa hatua. Maandishi hayasemi kwamba yupo hapo. Mtoto atapiga kelele, “Yuko hapo!” Randolph Caldecott wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1886, alifanya hivyo zamani: picha zake zilieleza mambo ambayo mashairi hayakuyataja. Medali ya Marekani yenye jina lake imetolewa tangu 1938.

Saa 6 mchana. Barua pepe ya mhariri. Kwenye picha moja uso wa msichana umeangukia kwenye mkunjo wa katikati, kitabu kikifungwa pua itamezwa. Asogee kushoto. Anakumbusha pia nisiandike neno lolote ndani ya mchoro, hata kibao cha mlangoni: maandishi huchapwa kwa wino mweusi peke yake, ili kitabu kikitafsiriwa wabadilishe bamba la kuchapia la wino huo tu na rangi zibaki zilivyo.

Saa 8. Skana. Nukta 300 kwa inchi, na milimita 3 za ziada pembeni kwa ajili ya kisu cha kukatia. Kijani kinachong'aa kwenye kioo cha kompyuta hakichapiki kwa wino, kwa hiyo nakipunguza mng'ao mwenyewe kabla mtambo haujanipunguzia. Hakuna la kusimulia zaidi.

Saa 10. Mkataba. Malipo ya awali huja kwa awamu, mara nyingi moja ukisaini, nyingine ukikabidhi. Mrabaha, yaani fungu letu la mauzo ya kitabu, nagawana na mwandishi, na hauanzi kutiririka mpaka mauzo yafidie malipo hayo ya awali. Wengi wetu huishi kwa kuchukua kitabu kingine kabla hiki hakijatoka. Leo kuna mtu mwingine anayetaka nichore bure “ili nijulikane.” Nimemjibu ajulikane yeye kwanza.

Saa 11 jioni. Nakunja karatasi, nazishona, napata kitabu cha mfano cha penseli. Kukigeuza kwa mkono hufichua yale ambayo kioo huficha: ukurasa wa 20 unachosha, unahitaji nafasi nyeupe. Nakituma kwa mhariri. Mwandishi sijawahi kuonana naye. Ndivyo desturi ilivyo katika kazi hii, kila neno hupitia kwa mhariri, na mimi naipenda hali hiyo kwa sababu hakuna anayenisimamia begani.

Saa 1 usiku jibu linaingia. Mwandishi amemwona paka. Amefuta sentensi mbili za mwisho.