Siku moja ya fundi wa dizeli Mtwara: sailensi iliyogoma kushuka

Saa 1 asubuhi nakuwa nimeshafika gereji, Chikongola. Natoa boksi la spana, jeki na stendi, kijana ninayemfundisha kazi anafagia na kumwaga mchanga penye mafuta ya jana. Nimesoma watu wengi humu mtandaoni wakisimulia siku zao za kazi, nikaona na mimi niweke ya kwangu, kwa sababu fundi wa dizeli watu wanamjua kwa ovaroli chafu na ugomvi wa bei. Kazi yenyewe hawaijui.

Saa 1 na nusu hadi saa 3 ni breki za Canter na kubadilisha oili ya Noah. Hakuna la kusimulia hapo.

Saa 3 na dakika chache linaingia pikapu la Hilux la zamani, injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8. Kabla halijasimama nimeshajua shida yake. Dereva ameachia mafuta, ametoa gia, injini bado inavuma juu kama mtu anayeikanyaga. Moshi mweusi nyuma. Ndani kuna dereva kijana na mjomba wake, mzee mwenye mashamba ya korosho upande wa Tandahimba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu kaza ile skrubu ya sailensi, mara moja tu, niondoke. Nimekuja kuchukua salfa, vijana shambani wananingoja na mashine."

Huu ni mwezi wa saba, mikorosho inapulizwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, kwa hiyo haraka yake naielewa kabisa. Mkorosho haumsubiri mtu. Lakini ile "mara moja tu" ndiyo sentensi inayotuchosha mafundi kuliko kulala chini ya gari. Sailensi ni mwendo wa injini ukiwa hujagusa mafuta. Kwenye injini hii inatakiwa iwe kama mizunguko 700 hadi 800 hivi kwa dakika. Ikipanda, kuna kitu kimeipandisha. Ukikimbilia skrubu bila kukijua kitu hicho, umeficha ugonjwa, hujautibu.

Nikamwomba mzee akae kivulini. Akakataa. Akavuta kigoda hadi ubavuni mwa gari, akawa ananiangalia mikono.

Dizeli za aina hii hazina plagi, kwa hiyo kile kipimo cha kubana kwenye waya wa plagi hakifai kitu. Nabandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye puli ya krenki, namulika na kipimo cha mwanga. Injini ikiwa ya moto kabisa: 1,150.

"Sasa si umeona? Kaza," mzee akasema.

"Naam mzee, nakuja huko."

Nikaanza na vile vinavyosahaulika. Kwenye dashibodi kuna kile kitufe cha kuvuta cha kupandishia mafuta kwa mkono. Wengine wanakiacha kimevutwa wiki nzima. Hiki kilikuwa ndani. Nikashika waya wa eksileta: umelegea kidogo, sawasawa, na springi inarudisha mkono wa pampu ya dizeli hadi mwisho. Nikafuata kifaa cha nta kilicho ubavuni mwa pampu. Hiki kinapandisha sailensi injini ikiwa ya baridi, kisha maji ya moto yakipita nta inavimba na kuachia. Magari mengi huku yametolewa thamostati, ile vali inayozuia maji hadi injini ipate moto, kwa madai kwamba joto la pwani linatosha. Matokeo yake injini ikienda mwendo mrefu haipati moto wake, nta haivimbi vya kutosha, sailensi inabaki juu, halafu lawama anapewa fundi wa pampu. Sikubaliani kabisa na tabia hiyo ya kutoa thamostati. Ila la mzee lilikuwepo, mpira wa maji ni wa moto, na kifaa kimeachia.

"Fundi, yule mwenzako wa Masasi alimaliza kwa dakika mbili," mzee akasema.

Nikamuuliza alimaliza nini. Mzee akasema hajui, ni maneno tu ya watu. Dereva alikuwa amesimama nyuma ya gari, kimya.

Nikafungua kisanduku cha filta ya hewa. Njano tupu. Vumbi la salfa limeshika hadi karatasi haipumui. Hapo nilipata sehemu ya moshi, maana injini ikikosa hewa dizeli haiungui yote. Tukaagiza filta mpya, bodaboda akaifuata dukani. Moshi ukapungua, haukuisha. Sailensi haikushuka hata kidogo.

Ndipo nikaitazama skrubu ya sailensi ambayo mzee alikuwa anaililia tangu asubuhi. Skrubu hiyo ukiikaza mwendo unapanda, ukiifungua unashuka. Ilikuwa imeshafunguliwa hadi mwisho. Mkono wa pampu hauigusi tena. Maana yake kuna mtu alijaribu kushusha kwa hapo, ikagoma, akaondoka. Nikazunguka nyuma ya pampu, karibu na yanapotokea mabomba ya nozeli, nikafuta grisi kwa kitambaa. Kule kuna skrubu nyingine, ya kipimo cha mafuta mengi, ambayo kiwandani huwekewa pete ili isichezewe. Pete imekatwa. Nati yake ina alama mpya za spana, chuma kinang'aa.

Skrubu hii ukiikaza, wenzo wa gavana, kidhibiti cha mafuta ndani ya pampu, unasogea, na kila pigo la pampu linatoa mafuta zaidi. Gari linapata nguvu. Lakini mafuta yanaongezeka hata kwenye sailensi, kwa hiyo mwendo unapanda wenyewe. Ukizidisha, injini inaweza kukataa kushuka kabisa, na ikivuta mzigo mlimani joto linapanda hadi silinda hedi inapasuka au pistoni inayeyuka.

Nikamwonyesha mzee. Akasema gari lake halijaguswa na mtu yeyote.

Nilinyamaza. Mtu mzima humbishii mbele ya watoto. Nikaendelea kufuta pampu, kijana wangu naye kazubaa na spana mkononi, hadi dereva akasogea.

"Mjomba, ni mimi. Masasi. Gari lilikuwa linashindwa kupanda kwenda Newala na mzigo, nikaambiwa wanaongeza nguvu."

Mzee alimtazama muda mrefu. Kisha alisema mengi, kwa Kimakonde na kwa Kiswahili, na sitayaandika. Nilimtetea kijana kidogo tu: alitaka mzigo wa mjomba wake ufike. Aliyekata pete ile ndiye alipaswa kumweleza anachofanya, kwa sababu ndiye aliyekijua.

Kuanzia hapo saa sikuiangalia tena. Alama ya kiwandani haipo, kwa hiyo kipimo kinatafutwa kwa subira: unalegeza nati, unarudisha skrubu chini ya robo mzunguko, unakaza nati, unawasha, unapima, unasikiliza, unatazama moshi. Pampu iko chini pembeni, mabomba ya moto yanachoma mikono, jua la Mtwara liko mgongoni. 1,000. 900. Mzee kila mara: "Tayari?" Ikashuka hadi 600, injini ikaanza kutetemeka gari zima, na hapo sasa, ndiyo, nikaikaza ile skrubu ya sailensi hadi 750.

Tukapakia viroba vya mchanga tukalijaribu njia ya Mikindani. Kwenye mpando bado lilitoa moshi. Tukarudi. Nikapunguza tena skrubu ya nyuma, nikaongeza tena ya sailensi, tukaenda tena. Safari hii ukungu mwembamba tu, na nikiachia mafuta linatulia papo hapo.

Nilikula ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha na pilipili kwa mama wa kona, nimesimama, alasiri imeshaingia. Mgongo ulikuwa unawaka. Nikaweka rangi nyekundu kwenye nati zote mbili ili mtu akizigusa ijulikane, nikaandika vipimo kwenye daftari la gereji. Bei tuliyovutana na mzee nilimpunguzia elfu 5, basi. Aliondoka bila kunisemesha sana, ila alimpa mkono kijana wangu.

Zilizobaki hadi jioni ni pancha na betri.

Usiku dereva akapiga simu. Salfa imefika, ila gari limepungua nguvu mlimani. Nikamwambia ndivyo lilivyotoka kiwandani: ashike gia ya pili mapema, asingoje injini ianze kulemewa, filta ya hewa aipige upepo kila akimaliza siku ya salfa, na mkono wa mtu usifike nyuma ya pampu ile.

"Sawa, kaka," akasema. "Na mjomba anauliza kama unaweza kuitazama na mashine ya kupulizia. Nayo sailensi iko juu."

Nikamwambia ailete Jumatatu, na asiiguse skrubu.