Siku moja maishani mwangu: mratibu wa ruzuku ndogo za madarasani

Saa 12:00 asubuhi. Kabla simu hazijaanza kuita, nasoma maombi. Yamebaki tisa na kamati inakaa alasiri. Ombi la kwanza limepangwa vizuri: malengo, viashiria, jedwali la shughuli. Nimelirudia mara mbili na bado sijui wanafunzi watashika nini mikononi. La pili limeandikwa kwa mkono na kupigwa picha kwa simu, kivuli cha kidole kimeangukia pembeni. Mwalimu anaomba maboksi, karatasi nyeusi, gundi na karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ili wanafunzi watengeneze kamera za tundu: boksi lenye tundu dogo linaloingiza mwanga na kuonyesha picha ya kilicho nje. "Miaka yote somo la mwanga nalichora ubaoni. Safari hii nataka waione wenyewe picha ikipinduka." Nimelipigia mstari.

Saa 2:30. Nampigia mwalimu mwingine ambaye jumla ya bajeti yake haikubaliani na orodha. Tunahesabu wote, moja baada ya jingine. Kisha namuuliza, "Mwalimu, hivi vifaa vitafikaje shuleni?"

"Nitavibeba mwenyewe."

Karibu kila mwombaji husahau usafiri, au huuacha makusudi ili ombi lionekane dogo. Namsihi auandike. Walimu wanatoa vya kutosha mifukoni mwao. Mfuko wa ruzuku usiwaongezee mzigo.

Saa 4:00. Nipo kwenye shule iliyopata ruzuku muhula uliopita. Wanafunzi walikwenda kuwasikiliza wazee wao, wakaandika walichosimuliwa, na sasa wanashona vitabu. Binti mmoja ananionyesha. Karatasi zimekunjwa katikati, na kwenye mkunjo kuna matundu matatu. Sindano inaanzia ndani, inatoka nje kwa tundu la kati, inarudi ndani kwa tundu la juu, inaruka hadi la chini na kutoka, kisha inarudi ndani kwa lile la kati. Anafunga fundo, anakata uzi kwa meno. Anakifungua na kukifunga kitabu mara tatu kuhakikisha hakiachii. Ndani kuna maneno ya bibi yake, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Mwalimu wao ananipa risiti ndani ya bahasha. Karatasi nzito za majalada hakununua. Alikata kalenda kuukuu, akaongeza uzi na sindano ili kila mmoja ashone chake badala ya kupokezana. Alinipigia kabla ya kubadilisha, tukaandikiana.

Saa 7:00. Ofisini. Risiti, daftari la malipo, taarifa mbili zilizochelewa.

Saa 9:00. Kamati. Mjumbe mmoja anapendekeza tuache kutoa fedha, tununue vifaa sisi na kuvipeleka shuleni. Anatoa mfano wa DonorsChoose, shirika la Marekani la kuchangia madarasa, lililoanzishwa mwaka 2000 na Charles Best, mwalimu wa Bronx, New York, ambalo hufanya hivyo hivyo. Ni hoja nzito: fedha haipotei njiani, na mwalimu hasumbuki na hesabu. Lakini nawaeleza habari ya kalenda. Sisi tungenunua majalada yaliyoandikwa kwenye ombi, na nusu ya darasa ingekaa ikingoja sindano. Tunakubaliana kuendelea na fedha kwa ruzuku ndogo, kwa sharti la risiti.

Lile ombi lililopangwa vizuri linaleta mvutano. Wawili wanalipatia alama za juu kwa lugha yake. Nashikilia swali langu la asubuhi: wanafunzi watafanya nini? Hatujalikataa. Tunamrudishia mwalimu swali hilo hilo, ajibu ndani ya wiki moja. Kamera za tundu zinapita bila mjadala mrefu, usafiri tumeuongeza wenyewe.

Saa 11:00. Simu za majibu. Waliokosa naanza nao, na kila mmoja namwambia sababu kamili, kwa kuwa "jaribu tena" peke yake haimsaidii mtu kuandika ombi bora. Zinachukua karibu saa nzima.

Wa mwisho ni mwalimu wa kamera. Ananyamaza kidogo, kisha anauliza fedha itaingia lini. Namweleza: mkataba kwanza, sahihi ya mkuu wa shule, halafu malipo. Na asinunue chochote kabla ya hapo, maana matumizi ya kabla ya mkataba hatuyarudishi.

"Nimeelewa. Ila boksi moja ninalo nyumbani, la viatu. Hilo naweza kuanza nalo kesho?"

"Hilo ni lako, Mwalimu. Anza."